Nyayo za Mchoma Chokaa

Mume wangu alikuwa mchoma chokaa, na kabla hajajulikana kuwa ni mgonjwa alisifiwa Diani nzima kwa nyayo zake. Watu walisema hazishiki moto. Tanuu likishaanza kutulia, wenziwe wakisubiri makaa yapoe, yeye alikuwa akiingia peku kwenye majivu ya pembeni, anachokoa jiwe kwa kijiti kulitazama kama limeiva, kisha anarudi akicheka. Wako wanawake walioniuliza kisimani ni dawa gani tunayotumia. Nilipowaambia hatuna dawa walinitazama kama mtu mchoyo.

Aliyezieneza habari hizo kuliko wote ni dada yake mkubwa, wifi yangu, mjane aliyekaa nyumba ya pili na yetu. Alikuwa na sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. "Ukoo wetu na moto ni ndugu," alikuwa akisema. "Babu yetu alikuwa akiokota kaa kwa vidole na kuwasha kiko." Mimi nilifurahi. Mwanamke gani asiyependa kusikia mumewe akisifiwa?

Miaka ile ya hamsini kazi ya chokaa ilikuwa haikauki. Watu walikuwa wakijenga nyumba za mawe, misikiti ilikuwa ikipakwa upya, na upande wa Galu wageni walikuwa wameanza kujijengea vijumba vya kupumzikia ufuoni. Tanuu lenyewe halikuwa jengo. Yalikuwa magogo yaliyopangwa duara, safu juu ya safu, na juu yake mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nyuma ya pwani. Likiwashwa, moto wake ulionekana mbali. Mume wangu ndiye aliyekuwa akilipanga, kwa sababu tanuu lililopangwa vibaya huanguka upande mmoja na mawe hutoka mabichi.

Kisha ikaja kiu. Nilikuwa nikijaza mtungi asubuhi, na kabla ya adhuhuri nasikia kata ikikwangura chini. Kila mtu alisema ni joto la tanuu. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini hata siku ambazo hakuwasha moto alikunywa vilevile, na akatoka nje kujisaidia mara kwa mara mpaka akaacha kwenda barazani kuzungumza na wenzake, maana aliona haya kuinuka inuka. Akakonda. Kikoi alichokuwa akikifunga mara moja kikawa kinamzunguka mara mbili na kubaki.

Tena kulikuwa na sisimizi. Nyuma ya nyumba yetu, penye ua wa makuti, pale alipokuwa akikojoa, walikuwa wakijipanga safu kama watu waliosikia kuna pilau. Nilimwaga majivu, wakarudi. Nilimwaga maji ya moto, wakarudi. Nikamweleza wifi yangu, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Hata mkojo wa ndugu yangu ni mtamu, wifi! Wewe umepata mume!"

Tulicheka wote wawili siku ile, na sioni vibaya kwamba tulicheka. Hatukuwa tukijua.

Siku niliyojua kwamba kuna jambo ilikuwa ni mchana mweupe. Nilimpelekea chakula tanuuni, muhogo na samaki wa kukaanga, nikamkuta amesimama na dereva wa lori lililokuja kuchukua chokaa. Walikuwa wakizungumza habari za njia ya Kombani, jinsi ilivyoharibika kwa mvua. Nikasikia harufu. Ilikuwa harufu ya kichwa cha mbuzi kikibabuliwa motoni. Nikatazama huku na huku, nani anababua kichwa hapa? Nikaona moshi mwembamba unapanda kutoka chini ya mguu wa mume wangu. Alikuwa amekanyaga kaa jekundu, na anaendelea kuzungumza.

"Bwana! Unaungua!"

Akatazama chini kama mtu aliyeambiwa nguo yake imeshika kijiti. Akainua mguu, akalipangusa kaa kwa mkono. "Mbona haliumi," akasema, na dereva akapiga kofi la mshangao. "Kweli mzee wewe ni mtu wa moto."

Sikucheka. Nilikuwa nikiitazama ile ngozi chini ya vidole, imekunjamana na kugeuka nyeupe. Nilijiambia, mtu asiyeshika moto ngozi yake haitoi harufu. Huyu anaungua kama mimi na kama mbuzi. Ila yeye mwenyewe hana habari.

Wifi yangu alileta shubiri, akaiponda, akakifunga kidonda kwa kitambaa safi. Alikifunga kwa mapenzi, siku nyingi, hakukosa. Lakini kidonda hakikufunga. Na kwa kuwa hakikumuuma, mume wangu hakukaa. Alikwenda tanuuni, alikwenda msikitini, alikwenda Kombani sokoni kwa miguu. Baada ya muda kitambaa kikawa kinanuka, na kidole kidogo kikaanza kuwa cheusi.

"Twende Msambweni hospitali," nikamwambia.

"Nikamwambie nini daktari? Kwamba siumwi?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Wifi yangu naye, ambaye nilidhani atapinga, aliunusa mguu akaachia kitambaa chini. "Nenda, ndugu yangu," akasema. "Dawa yangu imefika mwisho." Tukapanda lori lililobeba nazi, yeye mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia pamoja na sufuria yangu.

Tabibu aliyetupokea alikuwa mtu mzima, mpole, wa pwani kama sisi kwa lafudhi yake. Nilitegemea atafungua kitambaa kwanza. Hakukifungua. Aliuliza kama mgonjwa ana kiu, kama anakojoa sana, kama amekonda. Mume wangu akawa anajibu "kidogo, kidogo", jibu la wanaume. Nikaingilia.

"Tabibu, niwie radhi. Anamaliza mtungi. Na anapokojoa hujaa sisimizi."

Akaniinulia macho. "Sisimizi, mama?"

"Hata nikimwaga majivu, wanarudi."

"Umenisaidia sana," akasema. Kisha akachukua pini, akamwambia mume wangu afumbe macho. "Nikikugusa sema, mzee." Akaanza na dole gumba la mguu ule mzima, usio na kidonda. Akachoma. Kimya. Akachoma unyayo, kimya. Kifundo, kimya. Mimi nimekaa pale nauma ncha ya kanga yangu. Alikuwa amefika karibu na nusu ya muundi ndipo mume wangu aliposema, "Hapo. Umenigusa."

"Fumbua macho."

Alipofumbua aliona vitone vya damu vimejipanga mguuni mwake kutoka chini mpaka juu. Alivitazama muda mrefu. Nilimjua mume wangu kwa miaka mingi, nilimwona akizika mtoto wetu wa kwanza, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Alikuwa kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake wazi na hajui umekuwa wazi tangu lini.

"Si kwamba moto haukuwezi, mzee," tabibu akasema taratibu. "Miguu yako imelala. Huenda ni miaka sasa."

Alitueleza ugonjwa wa sukari kwa maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka. Chakula tunachokula hugeuka sukari, na sukari ndiyo kuni za mwili. Lakini kuni hizo haziingii ndani zenyewe; zinahitaji maji fulani yanayotoka katika kiungo kilicho nyuma ya tumbo, ambayo ndiyo yanayofungua mlango. Kwa mume wangu maji yale hayakuwa yakitosha. Sukari inarundikana katika damu, mwili ndani una njaa, na ile iliyozidi inatoka na mkojo ikivuta maji mengi. Ndiyo kiu. Na ikikaa miaka mingi inaharibu mishipa, ya miguu kwanza, halafu macho, halafu figo. Haiponi, alisema. Inatunzwa.

Mume wangu alisikiliza kichwa kikiwa chini. "Basi mimi," akasema, "nina rundo la kuni na tanuu haliwaki."

"Sawasawa kabisa, mzee."

Nikaona mabega yake yameshuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Jambo likishaingia katika kazi yake, halikumshinda tena.

Walimkata vidole viwili vya mguu ule, kile kidogo na jirani yake. Mguu ukabaki. Tulikaa hospitali mpaka kidonda kikafunga, yeye kitandani, mimi kwa jamaa zangu karibu na pale, nikija kila asubuhi na sufuria. Katika siku hizo nilifundishwa kudunga sindano. Bomba lilikuwa la kioo. Ulipaswa kulichemsha, na ndani ya sufuria, chini, utandike kitambaa kioo kisije kikapasuka. Sindano zenyewe zilikuwa nene, si hizi za leo. Nesi alinipa chungwa nijifunzie. Nililidunga lile chungwa asubuhi na jioni mpaka likawa linavuja maji. Mara ya kwanza kumdunga mume wangu pajani nilifumba macho, na nesi akaniambia kwa ukali, "Fumbua, bibi. Yeye ndiye mwenye haki ya kufumba." Mume wangu akacheka, na kicheko chake kikautuliza mkono wangu.

Tuliporudi Diani nilichimba shimo dogo kwenye kona yenye giza jikoni, nikatia mchanga, na katika mchanga nikazika chungu kidogo. Ndani ya chungu kile ndimo ilimokaa chupa ya insulini, imefungwa kitambaa. Nilikuwa nikiumwagia mchanga maji asubuhi na alasiri ili dawa isipate joto. Watoto wa jirani walidhani tumezika hirizi, na mimi sikuwakatalia, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuigusa.

Kulikuwa pia na dawa ya kupimia, maji ya rangi ya samawati. Unayatia katika kichupa chembamba cha kioo, unadondosha matone ya mkojo, unakishika juu ya moto mpaka yachemke. Yakibaki samawati, hakuna sukari. Yakigeuka kijani, ipo kidogo. Manjano imezidi, na nyekundu ya tofali ni hatari. Kazi hiyo mume wangu hakumwachia mtu. Alikaa juu ya kigoda mbele ya jiko la mafuta, kichupa mkononi, akikitazama kama alivyokuwa akilitazama jiwe la chokaa kuona kama limeiva. Yakibaki samawati aliniita hata kama ninasuka nywele. "Njoo uone! Kama bahari wakati wa kaskazi!" Yakiwa manjano aliyamwaga bila kuniita, na mimi nilijua kwamba jana yake amekunywa chai kwa mtu.

Maana chai ndiyo iliyomshinda kuacha. Muhogo alipunguza. Wali wa nazi aliula kwa kiasi, na nilikuwa nikimjazia sahani kwa mchunga, kunde na samaki wa kuchoma, ili macho yake yashibe kabla ya tumbo. Mchunga ni mboga chungu na zamani hakuupenda, lakini aliuzoea hata akawa anauulizia. Chai ya barazani, ile nzito yenye sukari mpaka kijiko kinasimama, hiyo alivutana nayo kwa muda mrefu. Mwishowe wazee wenziwe ndio waliomsaidia. Walimpa kikombe chake cha tangawizi bila sukari, na aliyekuwa akisahau akamtilia alipigiwa kelele na baraza zima.

Siku moja nusura tumpoteze, na haikuwa kwa sababu ya kuzidi sukari. Nilikuwa nimemdunga asubuhi kama kawaida, na chakula kiko mekoni. Akaitwa tanuuni mara moja. Upande mmoja ulikuwa umeinama na walitaka jicho lake. "Narudi sasa hivi," akasema. Jua likapanda. Nikachukua bakuli nikamfuata. Nilimkuta amekaa juu ya jiwe, mbali na moto, na jasho linamtiririka kama aliyetoka kuoga. Mikono inatetemeka. Alipouona uso wangu akanifokea, mume wangu ambaye hakuwa mtu wa kufoka, akanitaja kwa jina la marehemu mama yake.

Wifi yangu alikuwa pale, amekuja kuokota kuni. "Pepo," akasema. "Leteni ubani!"

"Si pepo, dada. Leteni sukari."

"Sukari?" Alinishika mkono. "Sukari ndiyo inayomuua ndugu yangu, na wewe unamtilia mdomoni mbele ya macho yangu?"

Sikuwa na wakati wa adabu. Nilimwambia dereva wa lori, aliyekuwa akipakia chokaa, alete maji na sukari yake ya chai, nikakoroga, nikamshika mume wangu kidevu nikamnywesha kidogo kidogo, mengine yakimwagikia kifuani. Wifi yangu analia na kunisukuma bega. Nikawa namwambia huku namnywesha, "Dawa imezima sukari yote, dada, na hajala. Hana hata ukuni mmoja. Subiri. Subiri kidogo tu."

Tukasubiri. Jasho likakatika. Akapumua, akatazama huku na huku, akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mbona nimelowa?" Kisha akaona bakuli. "Hicho ni chakula changu?"

Wifi yangu aliketi chini mchangani, miguu ameinyoosha. Alimtazama ndugu yake mpaka akamaliza kula. Halafu akaniambia, "Wifi yangu, nifundishe." Na tangu siku ile alikuwa akitembea na donge la sukari guru katika pindo la kanga yake, hata kwenye matanga na arusi, na hakukubali ndugu yake aende popote bila kumuuliza, "Umekula?"

Mwezi wa Ramadhani ulipoingia aliona uzito. Hakuwahi kuacha kufunga tangu utotoni. Tabibu alikuwa amemkataza, na maalimu wetu akamwambia mgonjwa ana ruhusa, amlishe maskini badala yake. Alikubali kwa maneno, lakini chakula cha mchana alikuwa akikila chumbani, dirisha limefungwa, kwa haya. Basi mimi siku zangu za udhuru wa kike nilikuwa nikiingia kula naye, na ikawa chumba kile kwetu ni starehe, wawili tumekaa kwenye giza la mchana tunanong'ona kama wezi wa maembe.

Kila jioni, baada ya magharibi, alinyoosha miguu yake juu ya mapaja yangu. Hiyo ilikuwa amri ya tabibu: miguu itazamwe, kwa sababu haitasema yenyewe. Niliiosha kwa maji niliyoyapima kwanza kwa kiwiko changu, nikaikausha kati ya vidole, nikapaka mafuta ya nazi, kisha nikaisogeza taa na kuikagua, unyayo, visigino, kucha. Peku hakutembea tena. Fundi wa viatu wa Kombani alimshonea jozi ya ngozi, pana mbele, na kila asubuhi alivikung'uta asije akakanyaga kijiwe asikijue. Kazi ya kuingia majivuni aliwaachia wengine. Yeye alikaa juu ya kigoda na bakora, akionyesha gogo gani liende wapi, na mawe ya matanuu yake hayakuwahi kutoka mabichi.

Macho yake yalipungua nguvu miaka ya baadaye, hilo nisilifiche. Lakini miaka hiyo ilikuwa mingi, mingi kuliko alivyotarajia yeyote aliyemwona akipakiwa juu ya lile lori.

Katika miaka hiyohiyo walitujia mke na mume kutoka Kikoneni. Tabibu ndiye aliyewaelekeza kwetu. Mume alikuwa mfugaji, mtu mrefu, mwenye kovu la chui begani, na ugonjwa wa sukari ulikuwa umemjia karibuni. Chupa wanayo, bomba wanalo, lakini alikuwa hajakubali kudungwa hata siku moja tangu watoke hospitali. Mkewe alinieleza jikoni, machozi yanamlengalenga. "Alimkabili chui kwa panga, shoga. Sindano anaikimbia."

Ilikuwa imefika saa ya dawa ya mume wangu. Nikachemsha bomba, nikavuta dawa, nikatoka nalo barazani kama kawaida. Mume wangu akaninyooshea mkono. "Nipe."

Nilidhani anataka kumwonyesha mgeni. Akajivuta kikoi pajani, akaishika ngozi kwa vidole viwili, akajidunga mwenyewe. Hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Nilisimama pale mikono mitupu. Mgeni alikuwa amekodoa macho.

"Umeona?" mume wangu akamwambia. "Mimi si mtu wa moto, wala si shujaa. Ni kama mbu. Sasa lete yako."

Yule mfugaji aliitazama sindano, akamtazama mkewe, akavua shati. Mkewe alimdunga mkononi palepale barazani, mimi nimemshika kiwiko. Alipomaliza, mume akauliza, "Ndiyo hiyo tu?" Tukacheka wanne, tukala pamoja, na jioni wakashika njia ya Kikoneni. Msimu wa mavuno walituletea mbaazi.

Lakini asubuhi ya pili, wageni wakiwa wameshaondoka, nililiweka bomba lililochemshwa mbele ya mume wangu, nikageuka nirudi jikoni.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza.

"Si umekwishajua kujidunga?"

"Jana ilikuwa kwa ajili ya mgeni," akasema. "Mkono wangu mzito. Njoo."

Nikarudi, nikakaa kwenye mkeka karibu naye, nikachukua bomba. Nje jogoo wa wifi yangu alikuwa akiwika, na mekoni kunde zilikuwa zimeanza kuchemka.